Udongo Aliotuma Shangazi

Tarehe 26 Aprili

Kwa Mtaalamu,

Salamu zikufikie. Leo sikuiti Kijiko, na sababu utaijua kabla hujafika chini ya karatasi. Natumaini u mzima na kazi inakwenda vizuri huko mnakovaa makoti meupe kupima udongo. Mimi ni mzima, goti ni lile lile. Yanayoumwa ni mahindi.

Yamekuwa manjano, ekari nzima. Yana wiki tano ardhini na yamesimama tu kama watoto walioambiwa wasubiri nje. Mvua imenyesha, jua lipo, nimepalilia mara mbili kwa mikono hii. Hakuna nilichoacha kufanya isipokuwa kile ulichoniambia nisifanye.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu ungesema, "Shangazi subiri kidogo, niko kwenye kikao," ukakata, nikabaki na hasira yangu na simu ya watu mkononi. Barua haikatwi.

Nikukumbushe, maana wasomi mnasahau. Februari uliniomba udongo wa shamba ukaupime. Nikautia kwenye mfuko, kilo nzima, nikaupeleka mwenyewe ofisi ya vifurushi ya mabasi. Machi ikaja karatasi yenye mhuri. Ninayo hapa mezani, nimeiwekea kikombe juu isipeperuke. Inasema, "Rutuba ni ya kiwango cha juu sana. Mbolea haihitajiki msimu huu." Chini kuna sahihi yako, ile yenye mkia.

Mimi nilikuwa nimeshanunua mfuko wa mbolea. Kwa kukuamini wewe, nikamwita Fundi Redio, jirani wa ng'ambo ya njia, nikamwambia chukua, sisi hatuhitaji, udongo wetu umepimwa. Nilisema hivyo mbele ya mkewe na nikajiona mkubwa. Leo mahindi yake yana kijani kinachokaribia weusi. Ni hatua nane kutoka kwangu, nimezihesabu. Kila asubuhi ananiamkia kwa heshima zote, halafu anasema, "Jirani, ile mbolea yako ni kiboko."

Makubaliano yangu na baba yako unayajua. Shamba ni la kaka yangu, lina jina lake, lakini nimelilima mimi tangu ndoa yangu ilipovunjika nikarudi nyumbani, miaka kumi na tisa sasa. Mwaka jana nilivuna vibaya, akasema ardhi imechoka, haifai kitu ila miti ya nguzo. Nikamwomba msimu mmoja tu. Akasema sawa, mwisho wa Juni atakuja kuyaona mahindi kwa macho yake. Yakiwa mabovu tena, anapanda miti, na mimi nahamia chumba cha nyuma nyumbani kwake, nikafue mapazia ya mkewe mpaka nife.

Sasa niulize. Shamba langu likifa, nani anafaidika? Baba yako. Na nani kaandika nisiweke mbolea? Binti yake. Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu.

Ni mimi,
Shangazi yako, kama jina hilo bado unalitaka


Tarehe 3 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, na goti lako nimeulizia dawa kwa mfamasia wa hapa chini, nitaituma. Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nililia, mara ya pili nilikasirika, na ya tatu bado nimekasirika, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Baba hajui hata ninafanya kazi jengo gani. Nimelala chumba kimoja na wewe tangu nina miaka mitano mpaka nilipoingia sekondari. Jina la Kijiko ulinipa wewe, nilipokuwa naiba vijiko jikoni kwenda kufukua mbegu kuona kama zimeota. Leo unanihesabu upande wa baba kwa sababu ya mahindi. Hilo Shangazi limeniuma, na sitalisema mara mbili.

Tuje kwenye mahindi. Vipimo havina shangazi wala baba. Udongo uliofika hapa niliukausha, nikauchekecha, nikaupima mimi mwenyewe. Ulikuwa umeshiba. Nikueleze inavyokwenda ili tusigombane gizani. Jani ni jiko. Linapokea maji kutoka kwenye mizizi na hewa kupitia vitundu vidogo vilivyo chini yake, na kwa moto wa jua linapika sukari. Hiyo sukari ndiyo inayojenga shina, na ndiyo inayojaza punje. Sisi tunaita usanisinuru. Lakini jua halikamatwi hivi hivi, linakamatwa na ile rangi ya kijani. Jani lisilo na kijani linapigwa na jua siku nzima na halipiki kitu.

Na kijani kinajengwa kwa vitu vya udongoni. Nitrojeni na magnesiamu ziko ndani ya kijani chenyewe. Fosforasi ndiyo inayopokezana ile nguvu jani likishaikamata. Potasiamu inafungua na kufunga vile vitundu vya hewa. Kikikosekana kimoja, moto unawaka na chungu hakichemki. Udongo wako ulikuwa navyo vyote, tena kwa wingi ambao sijauona mwaka huu.

Kwa hiyo kuna jambo lingine, na nahitaji unijibu bila kunitukana. Manjano yameanzia majani ya juu au ya chini? Yameanzia nchani au pembeni? Kuna michirizi? Kuna zambarau? Maji yanasimama shambani? Nitumie majani yenyewe ukiweza, yaweke katikati ya daftari yasikunjike.

Mtoto wako,
Kijiko


Tarehe 9 Mei

Kwa Mtaalamu,

Habari za huko. Hapa tunaendelea kupumua. Dawa ya goti imefika, ahsante, inanuka kama petroli lakini inasaidia.

Ahsante pia kwa kunifundisha kupika. Miaka sitini na mbili sijui nilikuwa nakula nini. Fundi Redio nilimsomea ile sehemu ya usanisinuru, akasema yeye hakusoma lakini jiko lake linawaka vizuri. Nimejitakia mwenyewe.

Majani haya hapa, nimeyabana kwenye daftari lako la darasa la tano ambalo bado ninalo. Ni ya chini. Manjano yanaanzia nchani, yanashuka katikati ya jani mithili ya ulimi, na ukingo unabaki na kijani kidogo mpaka nao unakata tamaa. Michirizi hakuna. Zambarau hakuna. Maji hayasimami isipokuwa kile kipembe cha chini ambacho siku zote yanasimama. Ya juu bado yana kijani, lakini cha kuchoka. Umeniuliza maswali matano nimejibu yote, na kutukana sijakutukana.

Lakini swali langu moja hujalijibu. Nakuuliza mahindi, unanijibu vipimo. Wewe uko huko na karatasi, mimi niko hapa na shamba, na kimoja kati ya hivyo viwili kinasema uongo. Nimeshika jani mkononi. Jani halijui kudanganya.

Baba yako alipita Jumapili na gari. Hakushuka. Alishusha kioo, akaangalia shamba kwa muda, akapandisha kioo, akaondoka. Mimi nilikuwa nimesimama na jembe hatua ishirini kutoka kwake. Ndugu yangu wa tumbo moja. Nilitamani kumrushia kitu, ila jembe lina gharama.

Shangazi yako


Tarehe 15 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi si mzima kabisa, na utanisamehe barua hii haina maneno mengi ya adabu.

Majani yamefika. Huo ulimi ulioueleza ni njaa ya nitrojeni, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekwambia. Mmea ukiikosa udongoni, unaivua kwenye majani ya zamani unayapa machanga. Ndiyo maana ya chini yanatangulia kufa na ya juu yanaendelea kujikaza. Mahindi yako yana njaa kali. Sasa udongo niliopima mimi ungeweza kulisha ekari hiyo miaka miwili.

Nikakaa na mambo hayo mawili siku nzima. Halafu nikashuka stoo. Hapa kila udongo unaopimwa tunaweka mabaki yake miezi sita, pamoja na takataka zilizokataa kupita kwenye chekeche. Nikatafuta mfuko wenye namba yako, nikamwaga takataka kwenye sinia jeupe, nikawasha taa.

Kulikuwa na nywele fupi, nyeupe na nyeusi. Kulikuwa na majani makavu yaliyotafunwa. Na kulikuwa na vidonge vitatu vya mavi ya mbuzi, vikavu, vya mviringo, vimekaa pale kwenye sinia vinanitazama.

Tangu lini mbuzi wako wanalala katikati ya mahindi?

Mwezi Februari nilikuandikia ukurasa mzima wa maelekezo. Tembea zigizaga kutoka pembe hadi pembe. Chimba mahali kumi na tano. Changanya, chukua kilo moja. Udongo huu umetoka wapi? Nataka jibu, kwa sababu nimeweka sahihi yangu juu yake, na kwa sababu umeniita msaliti kwa wiki tatu. Na kwa sababu mahindi yakishatoa mbelewele utakuwa umechelewa kuyalisha. Una wiki tatu, pengine nne. Siwezi kukwambia uweke nini kwenye ardhi ambayo sijawahi kuipima.

Mtoto wako


Tarehe 26 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na natumaini unaumwa kidogo, maana kama ni mzima na hujanijibu siku kumi na moja basi ni kusudi.

Najua ni kusudi. Nakujua. Umekaa kwenye kile kiti cha kamba, barua yangu umeiweka chini ya kikombe pamoja na ile karatasi yenye mhuri, na kila ukiiangalia unapata kazi nyingine ya kufanya.

Sikusubiri tena. Pamoja na barua hii unapokea mfuko wa mbolea ya kukuzia, kilo ishirini na tano. Nilitaka hamsini. Duka lilibakiwa na huo mmoja tu, na mzigo mpya unakuja wiki mbili baadaye, wakati mahindi yatakuwa yameshatoa mbelewele. Ungenijibu mapema ningepata yote. Hilo naliandika ili ulisome.

Sasa sikiliza vizuri. Usiutawanye shamba zima. Ukiutawanya, ekari nzima itapata njaa nusu na hakuna atakayeona tofauti. Chagua nusu ya shamba uilishe ishibe. Kizibo kimoja cha soda kwa kila shina, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, siku ambayo ardhi ina unyevu, na fukia hapo hapo, kwa sababu ukiiacha juu inapaa na hewa. Nusu nyingine iache. Najua itakuuma. Iache.

Na kuna jambo jingine, nalisema kwa kuwa nimekasirika na wewe na si haki nikasirike peke yangu upande mmoja. Hapa kazini kuna mzee anayeshughulikia mizani, tunamwita Mzee wa Mizani. Machi, nilipopata vile vipimo, alivisoma juu ya bega langu akaniuliza, "Binti, huu ni udongo wa shamba kweli, au wa mahali mifugo inalala?" Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwetu ardhi ni nzuri, na kwamba si kila mtu anatoka kwenye mchanga kama alikotoka yeye. Mbele ya watu. Halafu ile karatasi nikaizungusha ofisini kama picha ya harusi. Ningepaswa kurudia kipimo. Ningepaswa kukupigia kuuliza. Niliona namba zinazonipendeza nikazipiga mhuri.

Mzee wa watu nimeshamwomba radhi. Akasema alikuwa amesahau, lakini hakuwa amesahau.

Mtoto wako,
Kijiko


Tarehe 4 Juni

Kijiko,

Salamu nyingi. Siumwi. Ulivyosema kuhusu kikombe ni kweli, na kiti ni kile kile.

Mfuko ulifika tarehe ishirini na nane. Usiku ule ilinyesha, kesho yake nikaanza alfajiri. Kizibo kimoja, kiganja kimoja, fukia. Nimemaliza nusu shamba kwa siku tatu, goti likiwa halisemeki. Nimechagua nusu inayotazamana na Fundi Redio. Hilo sikukuuliza wala sitakuuliza.

Udongo nilichota zizini.

Si zizi la sasa, la zamani, lile la juu shambani ambalo baba yako alilivunja. Unalijua, mlikuwa mnachezea pale. Mbuzi wa Fundi Redio bado wanapenda kwenda kulala pale mchana. Maelekezo yako niliyasoma. Nilianza hata kuchimba, shimo la kwanza pale kwenye mawe, nikatoa kitu cheupe chepesi kama unga uliooza. Nikakitazama. Nikasema hiki ndicho kitakachofika mjini? Hiki kitamwagwa kwenye meza, watu wenye elimu wakiangalia, na mtu aulize ni cha wapi, na mtoto wangu ajibu ni cha kwetu?

Mimi mbegu nazichagua kwenye hindi zuri kuliko yote. Kuku wa mgeni namchagua aliyenona. Nguo yako ya kwendea shule ya bweni nilikuchagulia ile isiyo na kiraka, nyingine zote zilikuwa na viraka, na wewe ukaivaa ukapanda basi ukiwa umenyooka. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kuna kitu cha kupeleka mbele za watu bila kukichagua. Nikapanda juu zizini, nikachota ule mweusi unaonukia. Nao si ni udongo wa shamba hilo hilo? Ndani ya mpaka ule ule? Niliona nimekutendea jambo jema. Nilikuwa naimba nilipokuwa nashona mfuko.

Kwa hiyo usiniandikie "nataka jibu" kama hakimu. Jibu ndilo hilo. Nilifanya kwa ajili yako, nimejiharibia mwenyewe, na nikakuita msaliti wiki tatu nikiwa najua, si yote, lakini najua kidogo. Nilikuwa kila nikiliona lile zizi naangalia pembeni. Hasira niliyokuwa nayo nilikutupia wewe kwa sababu uko mbali na huwezi kunitazama.

Umesema majani ya chini yanavuliwa ili ya juu yaishi. Nilikaa na maneno hayo muda mrefu kuliko ulivyokusudia. Sitaki unijibu juu ya hilo.

Shangazi yako


Tarehe 10 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Sijibu lile ulilosema nisijibu.

Lakini nimekasirika zaidi kuliko mwanzo, ujue. Nimekasirika kwa sababu ungeniambia neno moja tu tarehe kumi na nane Mei, ekari nzima ingekuwa inashiba sasa. Na nimekasirika kwa ile nguo isiyo na kiraka, kwa sababu nilidhani umeichukua tu ile iliyokuwa karibu.

Sasa jambo lililobaki ni gumu kuliko kuchimba. Baba akija ataona nusu manjano na atasema yale yale, ardhi imechoka. Lazima umwambie ukweli. Mwambie ardhi haikupewa mbolea kwa sababu ya kosa letu, langu na lako, na mwonyeshe ile nusu iliyolishwa. Ukimwambia maabara ilikosea, atasema maabara yote ni wajinga na wewe ni mjinga uliyewaamini. Ukimwambia ulichota zizini, atacheka. Najua anavyocheka. Lakini ataelewa kwamba ardhi ile haijafa.

Ningekuja mwenyewe, ila ruhusa nimenyimwa. Mkuu wa maabara amesema aliyetoa karatasi isiyo sahihi akae arudie vipimo vyote alivyosaini tangu Januari. Viko mia moja na arobaini. Nimefikia cha thelathini na mbili.

Usiogope kucheka kwake.

Mtoto wako,
Kijiko


Tarehe 29 Juni

Kijiko wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umeshavuka cha mia. Mimi ni mzima. Goti nimelizoea, tunaishi tu.

Baba yako alikuja jana. Safari hii alishuka garini, kwa sababu hakuja peke yake, alikuja na mtu anayeuza miche, mwenye kamba na vigingi vya kupimia. Alikuwa ameshaamua kabla hajaona, usinidanganye. Mtu hapimi kwa kamba kitu anachokuja kukiangalia.

Lakini alisimama. Kijiko, ungeuona ule mstari. Mfuko ulipoishia ndipo kijani kilipoishia, shina kwa shina, kama mtu aliyepaka rangi ukuta akaitwa kula. Upande huu mahindi yamenipita kichwa, majani mapana, yamebeba. Upande ule yananifika kifuani na yanapiga kelele ya makaratasi upepo ukivuma. Kaka yangu alisimama katikati, mguu mmoja huku mmoja kule, akaniuliza, "Hiki ni nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na yule mwuza miche akisikiliza, na Fundi Redio naye akiwa amesimama njiani anajifanya anafunga kamba ya kiatu, yeye ambaye amevaa ndala. Nilisema nilichota udongo zizini ili mtoto asiaibike. Nilisema mtoto akapima alichopewa. Nilisema ardhi haijachoka, ina njaa, na tofauti yake ndiyo hiyo ameikanyaga.

Alicheka. Alicheka kama tulipokuwa wadogo, nilipoanguka kisimani na ndoo. Nilingoja amalize. Akajipangusa macho akasema, "Kwa hiyo umeidanganya maabara, umemdanganya binti yangu, na sasa unaniambia ardhi ni nzuri, nikuamini."

Nikamwambia, "Sijasema ni nzuri. Nimesema ina njaa."

Akamwambia mwuza miche anyooshe kamba juu ya ule mstari. Wakagonga vigingi. Akasema nusu ya kijani ni yangu niendelee nayo, nusu ya manjano inaingia miti, mvua za Oktoba. Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki, kwa sababu yule ni baba yako. Nilimwambia ile nusu haikufa, niliiacha kwa makusudi, kwa maelekezo, ili yeye apate kuona. Amekuja, ameona, na anachukua kile nilichojinyima ili aone. Miti yake itakunywa maji ya mahindi yangu kuvuka hiyo kamba.

Nilimuuliza, je, ikija karatasi ya maabara inayosema hiyo nusu yenyewe inahitaji nini na itazaa nini? Akasema ile ya kwanza nayo ilikuwa na mhuri. Nikasema hii itakuwa na udongo wa kweli. Akaingia garini, akashusha kioo akasema, "Ilete. Kusoma nitasoma." Hakusema zaidi ya hapo. Kamba yake ameiacha shambani. Nimeanikia nguo.

Sasa fungua hicho kifurushi. Ni udongo wa ile nusu ya manjano. Nimeuchimba leo, karatasi yako ya Februari nikiwa nimeishika kwa meno, zigizaga kutoka pembe hadi pembe, mashimo kumi na tano. Fundi Redio aliniuliza natafuta nini, nikamwambia natafuta ubaya. Akaleta jembe lake, akanichimbia saba ya mwisho kwa sababu ya goti, na hakusema habari ya mbolea hata mara moja. Kumbe anaweza.

Ni udongo mbaya, mwanangu. Ni mwepesi, ni mweupe, hauna harufu. Umwage kwenye meza kubwa. Mwite Mzee wa Mizani aje aangalie kwanza, halafu mkuu wako, halafu yeyote anayetaka. Mtu akiuliza ni wa wapi, mwambie ni wa shangazi yako aliyekulea. Upime, uandike kila kinachokosekana, na usinipendelee hata kidogo. Una mpaka Oktoba.

Na bado nina hasira, na wewe, na baba yako, na huo mhuri wenu. Hasira itakwisha nikiona karatasi.

Umo humo wa kwenye mawe. Umo wa kile kipembe maji yanaposimama, na wa pale jembe linaporuka likakuumiza mkono. Sikuchagua.

Ni mimi,
Shangazi yako